Tawi Barabarani: Tuliyojifunza Safarini Kachibora



Wiki hii twawaomba ruhusa tuwatoe kidogo katika upepo wa bahari, tuwapeleke bara, hadi Kachibora. Ni mji mdogo wa soko mashariki mwa Kitale, katika kaunti ya Trans Nzoia, chini ya milima ya Cherangany. Tulikwenda huko mwezi wa Agosti kwa mazishi, na mazishi tukayakosa. Tulirudi na somo juu ya njia na khabari za njia. Tulirudi pia na deni ambalo twaona ni wajibu wetu kulikiri mbele yenu kabla ya kumaliza maneno haya.

Kwetu pwani, Agosti ni mwezi wa kusi na baridi ndogo ya alfajiri. Kule ni kilele cha mvua. Huanza Machi au Aprili, hupungua kidogo, kisha hurudi kwa nguvu Julai na Agosti. Mahindi huwa yamesimama marefu kuliko mtu, yametoa mbelewele, na ukipita kati ya mashamba hayo waona kama wapita baina ya kuta mbili za kijani. Udongo ni mwekundu, na ukinywa maji huwa utelezi usiomhurumia mwenye viatu vya mjini. Vijito visivyohesabika hushuka kutoka milimani na kuingia mto Nzoia, nao Nzoia husafiri hadi Budalangi na kumwaga maji yake katika ziwa Victoria. Mvua inayomkera mkulima wa Kachibora leo yaweza kumtoa nyumbani mtu wa Budalangi baadaye. Watu wa mto mmoja ni majirani, hata wasipojuana.

Tulikuwa Kitale kwa ziara ya darsa tulipopata khabari usiku kwamba mwanafunzi wetu wa zamani ametangulia mbele ya haki. Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raajiuun. Alisoma kwetu akiwa kijana mdogo, kisha akahamia bara kufanya biashara ya nafaka, akaoa huko na kujenga huko. Kila mwaka alitutumia gunia la mahindi, na kila mwaka alituuliza, "Mwalimu, utakuja lini?" Nasi kila mwaka tulimjibu, "Inshaallah." Maziko yalipangwa baada ya swala ya Adhuhuri, nyumbani kwake, ng'ambo ya Kachibora.

Tulikodi gari asubuhi. Dereva alikuwa kijana mpole, mzoefu wa barabara za mjini, lakini hakuwa mwenyeji wa upande ule. Alitia jina la mahali katika simu yake, na ramani ikatuchorea mstari. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza yafuata barabara kubwa, yazunguka. Ya pili yakata shambani kwa barabara ya murram na kuvuka kijito, na ilionekana fupi kwa karibu nusu saa. Tulitazama saa, tukakumbuka maiti hangojewi, tukachagua fupi. Twasema "tukachagua" kwa sababu dereva alituuliza nasi ndio tuliomwambia. Lawama haimpati yeye.

Tulikwenda vizuri hadi mteremko wa mwisho. Hapo tukakuta matawi ya miti yamelazwa katikati ya barabara, mabichi, majani yake bado yanang'aa kwa mvua. Msafiri yeyote wa Kenya aijua alama hiyo, kuwa mbele kuna gari bovu, shimo, ajali au jambo jingine lisilo jema. Dereva alipunguza mwendo, akatazama simu, mstari bado uko pale pale, haukutikisika. Akaanza kuyazunguka matawi kwa upande wa majani.

Mama mmoja mwenye madumu mawili ya maziwa akatoka chini ya mti alipojikinga na manyunyu, akainua mkono.

"Mzee, msipite. Daraja limeenda."

"Mama, simu inaonyesha njia iko," dereva akamjibu.

"Hiyo simu ilikuja hapa lini?"

Hatukuwa na jawabu, na hadi leo hatuna. Tulishuka, tukatembea hatua chache hadi kwenye kona, na pale tukaona. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yakipita juu ya mahali palipokuwa na daraja, na upande mmoja barabara yenyewe imelika na kubaki mdomo mtupu. Kutoka juu, maji yale hayakuwa ya kutisha. Yalionekana ya magotini. Lakini wataalamu wa mafuriko wasema kwamba maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 tu yaweza kulibeba gari dogo, na yakifika sentimita 60 huchukua karibu magari yote. Na pale chini ya maji hapakuwa na barabara ya kukanyaga.

Tulirudi nyuma, tukazunguka kwa barabara kubwa, tukakwama mara moja katika matope, tukasukumwa na vijana wa boda boda. Tulipofika ilikuwa Alasiri. Kaburi lilikwisha kufunikwa, na watu wakiosha majembe. Tulisimama na wachache waliobaki, tukamsalia pale kaburini, tukamuombea thabati. Mwanawe mkubwa alitupa mkono bila neno la kutulaumu. Hilo lilituuma zaidi kuliko lawama.

Jioni, katika baraza ya ustadhi wa pale, ndipo tulipoijua habari kamili. Kijito kile kilikuwa kimekata njia tangu usiku. Kabla ya Alfajiri, kijana aliyekwenda kukamua ng'ombe alikuta daraja halipo. Alikata matawi, akayalaza pande zote mbili, kisha akapiga picha na kuituma kwa wenzake pamoja na mahali hasa simu yake ilipokuwa imesimama. Kabla jua halijachomoza, alama nyekundu ilikuwa imewekwa katika ramani. Tuliyatumia matawi yake bila kumjua, lakini ramani yake hatukuiona, kwa kuwa hatukuuliza.

Vijana wa pale, wa madrasa na wenzao wa makanisa, wana ramani yao ya pamoja, ambayo mtu huifungua simuni kwa kiungo anachotumiwa. Msingi wake ni ramani huria ya dunia, OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na kujengwa kwa kazi ya watu wa kujitolea kila nchi. Juu ya msingi huo wao huweka alama zao za muda. Nyekundu ni njia iliyofungwa, manjano ni njia ya kupita kwa tahadhari, kijani ni njia iliyofunguka. Kila alama hubeba mambo manne, yaani mahali, saa ya kuonwa, aliyeona kwa macho yake, na njia ya kuzungukia. Asiye na simu ya intaneti hupigiwa na mwenye nayo. Siku kubwa kama ya soko, ustadhi hutangaza kwa kipaza sauti cha msikiti baada ya swala. Hakuna mshahara, hakuna ofisi.

Tulipolala usiku ule, mvua ikipiga bati, tuliwafikiria wazee wetu. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilifika pande hizi za magharibi, na kituo chake kikubwa kilikuwa Mumias, kwa Nabongo Mumia wa Wawanga, ambako Uislamu ulipata wenyeji wake. Mbele ya msafara alitembea kirangozi. Kazi yake ilikuwa kuijua njia na kuulizia mto kila kijiji. Umejaa? Umepungua? Wavukika wapi? Na alipofika njia panda, aliiziba njia isiyo yake kwa tawi au majani ili walio nyuma, wenye mizigo vichwani, wasipotee. Tawi la yule mkamuaji wa Kachibora ni tawi lile lile. Ramani ya simuni ni tawi linaloonekana kutoka mbali, na hapo ndipo faida yake yote ilipo.

Twasema "kutoka mbali" kwa makusudi. Tarehe 4 Desemba 2021, huko Mwingi katika kaunti ya Kitui, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka daraja la mto Enziu lililofunikwa na maji. Watu walikuwa ukingoni wakitazama. Basi likasombwa, na watu zaidi ya 30 wakafa. Khabari haikukosekana pale. Maji yalionekana kwa macho. Lakini mtu akishafika ukingoni, amekwisha kulipa nauli ya moyo. Ana haraka, anangojewa, amechoka, naona haya kurudi nyuma mbele ya wenziwe. Hata sisi, lau si mama wa maziwa, dereva alikwisha kuanza kuyazunguka matawi nasi tumenyamaza. Khabari ya mto yataka imkute msafiri nyumbani, bado anafunga viatu, wakati kubadili njia hakumgharimu kitu ila dakika chache.

Huenda mtu akauliza, je, hiyo si kazi ya serikali? Ni kazi yake, na sehemu yake yafanywa. Mamlaka ya barabara kuu, KeNHA, hutoa matangazo barabara kubwa inapokatika. Sisi wa pwani twakumbuka Novemba 2023, maji ya mto Tana yalipofunika barabara ya Garsen kwenda Lamu upande wa Gamba na Lango la Simba, na wasafiri wakakwama njiani na watoto na wagonjwa wao. Lakini barabara za Kenya zina wenyewe wengi. Kuna za KeNHA, kuna za mijini za KURA, kuna za vijijini za KeRRA, na nyingi za murram ziko chini ya kaunti tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013. Tangazo la barabara kuu halikutajii kijito kilicho nyuma ya shamba la mahindi, na aghalabu huja kama barua iliyopigwa picha, yenye majina ya mahali ambayo mgeni hayajui. Ramani haina haja ya mgeni kujua majina. Yamwonyesha yeye alipo, na palipokatika, na umbali baina yake.

Wala fikra hii si ngeni kwetu, wala haikuletwa na meli. Mwanzoni mwa mwaka 2008, nchi yetu ilipokuwa katika moto wa baada ya uchaguzi, na Trans Nzoia na Bungoma zikiwa miongoni mwa mahali palipoumia, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walianzisha ramani ambayo raia wa kawaida aliweza kutumia kusema kilichotokea kwake na wapi. Waliipa jina la Kiswahili, Ushahidi. Baada ya tetemeko la Haiti la tarehe 12 Januari 2010, chombo hicho kilichozaliwa Kenya kilitumika kukusanya ujumbe mfupi wa watu waliotaka msaada na kuuweka katika ramani. Dar es Salaam nako, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa kuchora mitaro, vichochoro na nyumba za mitaa inayofurika. Na mwenye kuijua Dar es Salaam aijua Jangwani, pale mto Msimbazi unapoifunga Barabara ya Morogoro na kuugawa mji vipande viwili.

Tazameni jina lile, Ushahidi. Kwetu sisi tuliosoma madrasa, neno hilo lina uzito. Shahidi huulizwa: Uliona wewe, au uliambiwa? Lini? Ulikuwa wapi? Suratul Hujurat yatuamrisha kuihakikisha khabari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Wanavyuoni wetu waliipokea elimu kwa silsila, huyu kutoka kwa yule, na jina lisilojulikana likiwa katikati waliiweka riwaya kando. Vijana wa Kachibora, wengine si Waislamu, waifuata kanuni hiyo hiyo bila kuiita kwa jina. Picha ya daraja lililovunjika haiwekwi katika ramani mpaka ajulikane aliyeipiga na saa aliyoipiga, kwa kuwa kila mvua ikinyesha huzuka picha za mafuriko ya miaka iliyopita, au ya nchi nyingine, zikatumwa kama za asubuhi hii. Nani kati yetu hajapata kuisukuma mbele picha ya namna hiyo, akidhani anatenda wema?

Sasa tufike kwenye deni letu.

Siku ya tatu tulipoondoka Kachibora, mvua ilikuwa imepumzika. Wakazi walikuwa wamejaza mawe na magogo pale kijitoni, na maji yameshuka. Tulipita kwa boda boda, kisha likapita gari dogo mbele ya macho yetu, salama. Ustadhi alikuwa ametuomba: "Sheikh, mkipita pale, mtuandikie tu kama pamefunguka, nasi tutabadili alama." Tukasema, "Inshaallah, hilo ni dogo." Simu yetu ilikuwa imeishiwa chaji. Kitale tulikuta basi linaondoka, tukapanda. Njiani tukalala. Nairobi tukashughulika na mengine. Tulikuwa Mombasa, tumekwisha kuswali Isha siku ya pili yake, tulipopata ujumbe wa ustadhi.

Usiku uliotangulia, mama mmoja mjamzito ng'ambo ya kijito alishikwa na uchungu. Gari liliitwa kutoka Kitale. Dereva, kijana muangalifu, alifungua ramani kwanza kama alivyofundishwa, akaona alama nyekundu, akazunguka kwa barabara ndefu, kwenda na kurudi. Njia fupi ilikuwa wazi wakati wote. Alhamdulillah, mama na mtoto walifika hospitali na wote wazima. Ustadhi hakutulaumu. Aliuliza tu, kwa adabu ya watu wa bara: "Sheikh, kwani hamkupita pale kijitoni?"

Tulikaa na simu mkononi muda mrefu. Siku zote tulizosimulia kisa cha matawi, tulijiona ni watu waliookolewa na ushahidi wa wengine. Hatukufikiri kwamba nasi tulikuwa mashahidi, na kwamba tumeuficha ushahidi wetu kwa uvivu. Dereva wetu alikuta ramani isiyojua kuwa njia imefungwa. Dereva wa yule mama alikuta ramani isiyojua kuwa imefunguliwa. Ya kwanza yaweza kuua kwa maji, na ya pili yaweza kuua kwa kuchelewesha. Kisha ina dhara jingine: watu wakizoea kuona alama zilizopitwa na wakati, siku ya hatari ya kweli wataizunguka alama kama dereva wetu alivyoyazunguka matawi.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi miongoni mwa matawi ya imani. Tulipokuwa watoto tulidhani udhia ni mwiba na jiwe na ganda la ndizi. Leo twaona kwamba hata khabari iliyokufa, ikaachwa imelala njiani, ni udhia. Mwenye kulaza tawi ana wajibu wa kurudi kuliondoa.

Basi, ndugu zetu, mvua za vuli hazikawii, na mito yetu ya Tana na Sabaki twaijua. Kila msikiti, kila mtaa, una vijana wenye simu na muda. Wazee wakae nao jioni moja tu, wawaonyeshe vivuko vinavyokatika kila mwaka na njia za kuzungukia ambazo hazimo katika ramani yoyote ila vichwani mwao. Mabinti wasiachwe nyuma, kwani wao ndio wachotao maji na kuuza maziwa, na ndio wa kwanza kuuona mto ukipanda. Mwenye kutuma khabari aseme mahali, saa, na kwamba ameona mwenyewe, na asiyeona asitume. Wateuliwe wawili wa kuzipitia alama kila asubuhi na kila jioni, na kazi yao kubwa iwe kufuta. Na nyumbani, kabla ya safari ya mvua, mmoja katika jamaa aulize njia kwa mwenyeji, hata kama simu imekwisha kujibu.

Ama sisi, twajiandikia tarehe ya kurudi Kachibora, kumzuru mwanafunzi wetu pale alipolala, na kumtembelea yule mama na mwanawe kwa zawadi kidogo na maneno ya samahani. Ustadhi ametwambia njia ni shwari. Tukiwa bado Kitale, tutamwuliza tena.

Twamuomba Allah amrehemu marehemu wetu, awape subira jamaa zake, na azijaalie njia za waja wake kuwa salama. Wabillahi tawfiq.